Pak Wagiso na Hukumu ya Geti la Kusini

Pak Wagiso hakuwa mpenzi wa mpira. Alikuwa mtu wa tempe. Nyumba yake inatazamana na kibanda changu cha kahawa, na kichochoro chetu ni chembamba kiasi kwamba nikifungua dirisha langu naye akafungua lake, tunaweza kupeana kiberiti bila mtu kutoka nje. Asubuhi mvuke wa soya yake ulikuja kwangu, harufu ya kahawa yangu ikaenda kwake, na hivyo ndivyo tulivyoishi. Aliichachusha soya mpaka ikashikana ikawa bonge moja la tempe, akaikata vipande vyembamba kama karatasi, akavikaanga na majani ya ndimu. Mkewe, Bu Lasmi, maana kwetu mwanamke mzima huitwa Bu na mwanamume Pak au Bapak, alikuwa anapakia kwenye mifuko. Watu wa mji wetu, Karangwulung, wakisafiri kwenda kwa ndugu zao, zawadi waliyobeba ilikuwa mfuko wa Wagiso.

Aliyependa mpira ni binti yao wa pekee. Jina lake la shule lilikuwa Dyah, lakini sisi tulimwita Pipit, kama wale ndege wadogo wa kwenye mpunga, maana tangu aanze kusema hakuwahi kunyamaza. Alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu. Ukutani kwake alitundika bendera nyekundu na nyeusi ya Banteng Wulung, timu ya mji wetu, na kila siku ya mechi ilikuwa ni lazima amchokoze baba yake.

"Bapak, twende leo. Ukiona goli moja tu utaacha kukaanga."

"Nikiacha kukaanga utakula magoli?"

"Nitakula supu ya mipira ya nyama nje ya uwanja."

"Na hela ya hiyo supu itatoka wapi? Si kwenye karai hili hili?"

Pipit alikuwa anacheka, anamnyang'anya kipande cha tempe cha moto na kukimbia nacho akikirusha mkono huu na mkono ule. Utotoni mafuta ya karai lile yalimmwagikia karibu na kifundo cha mkono, yakamwachia kovu la umbo la jani. Hakujali. Alisema ndiyo alama ya kiwanda.

Jumamosi ile ya mechi na majirani zetu wa bondeni alitoka mchana na rafiki yake Ambar, wamevaa fulana zinazofanana. Walipita kibandani kwangu, akachukua chai baridi, akaniambia, "Bu Min, tukifungwa usiniongeleshe mpaka Jumatatu." Walikwenda hivyo, wakicheka.

Tulifungwa. Hayo mengine alitusimulia Ambar, na alisimulia mara moja tu, hakurudia. Filimbi ya mwisho ilipolia, vijana kadhaa waliruka uzio wakaingia uwanjani. Wengine walitaka kuwakumbatia wachezaji, wengine kuwatukana. Askari waliwafukuza kwa virungu, kisha wakaanza kufyatua mabomu ya machozi. Ya kwanza yaliangukia kwenye nyasi. Yaliyofuata yaliangukia jukwaa la kusini, ambako watu walikuwa bado wamekaa, wana watoto mapajani, wanasubiri msongamano upungue. Jukwaa zima likainuka na kukimbilia geti la kusini. Geti lilikuwa limefungwa. Ambar alisukumwa pembeni akaanguka chini ya ngazi, ndiyo maana yupo. Pipit alikwenda na watu.

Pak Wagiso alimkuta kwenye korido ya hospitali, amelazwa chini pamoja na wengine, wamefunikwa khanga, mapazia, chochote kilichopatikana. Hakufunua nyuso. Alipita akitazama mikono iliyochomoza, mpaka akaliona lile kovu. Akachutama pale pale. Jumali, dereva wa pikipiki aliyempeleka, aliniambia kwamba hakulia. Alianza kumpangusa vumbi vidoleni, kidole kimoja kimoja, kama anavyopangusa vipande vya tempe kabla ya kuvitia kwenye mafuta.

Walikufa zaidi ya mia. Mji wetu si mkubwa, na kila mtaa ulikuwa na msiba wake. Tulisoma dua kwa Pipit jioni saba mfululizo, na watu walijaa kichochoro kizima hadi barabarani. Walikuja watu wa kamati ya mpira, wakaja wanasiasa na magunia ya mchele yenye picha zao. Wote walimshika Pak Wagiso mkono kwa mikono miwili, na wote walisema maneno yale yale, kwamba haki itatendeka, mhusika atatafutwa popote alipo.

Mwanzoni kila mtu alijua mhusika ni nani. Kwenye kuta za mji watu waliandika kwa rangi nyekundu: NANI ALIAMURU MABOMU? Wanafunzi waliandamana, hata wazee walitoka. Kila Jumamosi barabara ya mbele ya makao makuu ya polisi ilijaa watu wenye picha za watoto wao, na Bu Lasmi alikuwa mstari wa mbele na picha ya Pipit kifuani. Pak Wagiso alisimama nyuma yake, amemshikia mwavuli.

Kisha wakubwa wakaanza kuzungumza kwenye televisheni. Wakasema uchunguzi unaonyesha vifo vilitokea getini. Uwanjani hakufa mtu, jukwaani hakufa mtu. Wakarudia kesho, wakarudia keshokutwa. Polepole, bila mtu kuamua, mazungumzo ya kibandani kwangu nayo yakahama. Na kuta nazo zikahama. Siku moja nikaona maandishi mapya kwenye ukuta wa shule: NANI ALIFUNGA GETI?

Aliyefunga geti tulimjua. Alikuwa Kasmuri, kinyozi, nyumba ya nne kutoka kwa Pak Wagiso.

Siku za kawaida Kasmuri alinyoa watu chini ya turubai mbele ya nyumba yake. Siku za mechi alivaa kizibao cha rangi ya machungwa na kwenda kusimamia geti la kusini, akapata posho na chakula cha kwenye boksi. Kazi ile ilimpa heshima mtaani, maana angeweza kukupitisha kama huna tiketi. Jumamosi ile alirudi kizibao kimechanika, akajifungia ndani. Hakuja kwenye dua hata jioni moja. Mkewe, Bu Painem, alikuja mara moja, akakaa karibu na mlango, akaondoka kabla chai haijamiminwa.

"Mtu asiye na kosa angekuja kuzika," alisema Jumali akikoroga kahawa.

"Labda anaona aibu," nilisema.

"Aibu ya nini, Bu Min, kama hakufanya kitu? Mimi nikikukanyaga mguu kwa bahati mbaya, nitakimbia?"

"Ukikanyaga watu mia utakimbia," alisema mteja mwingine, na watu wakacheka kicheko kibaya.

Walikuja kumchukua Kasmuri asubuhi moja. Majirani walitoka kuangalia. Pak Wagiso naye alisimama mlangoni, mikono ina unga wa mchele. Kasmuri alipopita mbele yake katikati ya askari wawili alisimama kidogo, akafungua mdomo. Pak Wagiso akarudi ndani, akafunga mlango. Wiki ile ile mtu aliandika neno muuaji kwenye ukuta wa nyumba ya Kasmuri, na wenye maduka wakawa hawamwoni Bu Painem akisimama mbele yao. Alianza kwenda soko la mbali kununua hata chumvi.

Walioshtakiwa walikuwa watatu: kapteni wa kikosi kilichofyatua mabomu, mwenyekiti wa kamati iliyoandaa mechi, na Kasmuri. Kesi ikahamishiwa mji mkuu wa jimbo, wakasema ni kwa ajili ya usalama. Familia zikakodi lori, zikawa zinaondoka alfajiri na kurudi jioni. Ukumbi ulikuwa mdogo, kwa hiyo walipokezana, wengine walikaa barabarani chini ya miti ya mahakama wakisubiri kuambiwa kilichosemwa ndani. Niliwasindikiza mara kadhaa. Nilikuwepo siku Pak Wagiso alipoitwa kutoa ushahidi.

Alikuwa amevaa shati la batiki alilovaa siku Pipit alipoingia chuo. Wakili wa kapteni alikuwa kijana mpole, mwenye sauti laini, na huo upole wake ndio ulioniudhi.

"Bapak, siku ile ulikuwepo uwanjani?"

"Sikuwepo."

"Kwa hiyo hukuona mabomu yakifyatuliwa."

"Sikuona."

"Wala aliyeamuru hukumwona."

"Sikumwona."

"Naomba utusaidie, Bapak. Wewe uliona nini?"

"Nilimwona mwanangu."

"Wapi?"

"Hospitali. Amelala chini."

"Nakupa pole sana. Lakini kilichomuua hukukiona kwa macho yako."

Pak Wagiso alimgeukia jaji, kama mtu anayeomba aelezwe njia. Jaji alikuwa anaandika. Akamgeukia mwendesha mashtaka, naye alikuwa anapekua makaratasi. Nyuma yangu Bu Lasmi alikuwa ameng'ata ncha ya mtandio wake.

"Hapana," alisema mwishoni. "Sikukiona."

"Sina swali zaidi."

Jaji akainua kichwa, akamuuliza kama ana la kuongeza. Pak Wagiso alifikiri. Sote tulidhani sasa ndiyo atasema yale ambayo kila siku tulikuwa tunayasema barabarani.

"Alikuwa anasomea ualimu," alisema. Akashuka.

Kwenye lori alikaa pembeni, uso ameugeuzia mashamba ya miwa. Aliniambia, "Bu Min, nilikuwa na maneno mengi. Nimeyafanyia mazoezi mbele ya karai. Yule kijana aliuliza vitu ambavyo majibu yake ni hapana, na mimi sijui kusema uongo mahakamani."

Siku ya hukumu watu walikwenda na malori matano. Vijana walivaa fulana za timu, kina mama wakabeba picha, na waliobaki nje walifungiwa kipaza sauti juu ya mti. Mimi na Pak Wagiso tulikuwa nje. Bu Lasmi alipata nafasi ndani.

Walianza na Kasmuri. Jaji alisoma kwa muda mrefu, hata watu wakaanza kusinzia, kisha tukasikia: amepatikana na hatia ya uzembe uliosababisha vifo, kifungo miaka minne. Barabara nzima ikalipuka kwa makofi. Watu walikumbatiana, wengine wakapiga magoti chini wakilia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile mtu yeyote kutuambia kwa sauti, kwenye kipaza sauti, kwamba kuna mtu amekosa. Nilimtazama Pak Wagiso. Alikuwa amesimama, anapiga makofi, machozi yanamtiririka.

Akafuata mwenyekiti wa kamati. Ana hatia, lakini ni mtu wa familia, ameshirikiana na mahakama na ameutumikia mchezo kwa miaka mingi, kwa hiyo kifungo kidogo cha nje. Makofi yakawa machache, watu wakaulizana, amesema nje au ndani? Akafuata kapteni. Amri ilitolewa katika hali ya kuhofia usalama. Haikuthibitika pasipo shaka kwamba moshi ndio uliowafanya watu wakimbie. Mshtakiwa anaachiwa huru.

Nilitegemea fujo. Hata polisi waliotuzunguka walitegemea fujo, walikuwa wameshashusha vioo vya kofia zao. Haikutokea. Watu walibaki wanatazama kile kipaza sauti kama vile kina kitu kingine cha kusema. Kikakoroma kidogo, kikazimwa. Mama mmoja akaanza kukunja bango lake, akalikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama shuka.

Bu Lasmi alitoka ndani akatukuta pale. Hakulia. Alimwangalia mumewe.

"Huko ndani tumesikia makofi yenu. Na wewe ulipiga?"

"Nilipiga, Bu."

"Ulimpigia nani?"

Bu Lasmi alimsogelea, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka. Akasema kwa sauti ya chini, sauti ya jikoni, "Kasmuri namchukia, simfichi. Nyumba yake naiona, mkewe namwona. Hawa wengine nitawachukilia wapi, Pak? Hata wanakoishi sikujui."

Lori letu liliingia mtaani jua halijazama. Vijana walishuka wakiwa na hasira waliyoibeba njia nzima bila pa kuitua. Walisimama mbele ya kibanda changu, mara wakaongezeka.

"Twende kwa kapteni," alisema mmoja.

"Kapteni ana ukuta na walinzi," Jumali alimjibu. "Mwenyekiti ana mbwa. Kasmuri ana mlango wa mbao. Hesabu ni nyepesi tu."

Alisema kwa dhihaka, nadhani alitaka waone aibu. Lakini walimsikia vingine. Jiwe la kwanza lilipiga bati la nyumba ya Kasmuri, la pili likavunja dirisha. Pak Wagiso alikwenda akasimama kati yao akasema, "Jamani, Kasmuri hayumo. Humo mna mwanamke tu." Mmoja wao, kijana ambaye kaka yake alifia pale pale getini, alimshika bega kwa heshima na kumsogeza kando, kama unavyomsogeza mzee asipigwe na pikipiki. "Pak, wewe kapumzike. Tunafanya kwa ajili ya Pipit." Wakaendelea. Dirisha la pili likaenda. Ndipo Bu Painem alipofungua mlango, ameshika ufagio, akaanza kufagia vioo kizingitini hali wao bado wana mawe mikononi. Alifagia mpaka akamaliza, akakusanya kwenye pipa, akaingia ndani. Vijana wakatawanyika mmoja mmoja bila kuagana.

Baada ya hapo Pak Wagiso alibadilika. Alikuwa anaunguza tempe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Rufaa ilikatwa na watu wa sheria waliojitolea; siku zilipita, ikakataliwa. Magari ya waandishi yaliacha kuja. Siku moja alimwomba Jumali ampeleke gerezani kwa Kasmuri, na akamwambia asimwambie mtu. Jumali akaniambia jioni ile ile, maana siri haikai kwa Jumali.

Waliketi pande mbili za meza, askari pembeni. Kasmuri alikuwa amekonda, na yeye aliyenyoa watu sasa alikuwa amenyolewa vibaya, mabaka mabaka.

"Pak Wagiso," alisema, akainama.

"Kas. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Ulimwona?"

Kasmuri hakuuliza nani. "Sura sikuona, Pak. Niliona mikono. Mikono mingi imetokeza kwenye nondo. Kama mmoja ulikuwa wake, sikujua."

"Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Mimi. Ulikuwa mfukoni. Niliyasema haya mahakamani. Tuliambiwa geti lisifunguliwe mpaka amri ije kwa redio, basi la wageni lisije likavamiwa. Redio ikawa inakoroma tu. Moshi ulipokuja nikafungua kufuli, lakini geti lile linafungukia ndani, na ndani kulikuwa na watu. Tulisukuma, na kila tuliposukuma tulikuwa tunawasukuma wao."

Pak Wagiso alikuwa anafungua na kufunga mdomo wa mfuko wa tempe aliokuja nao.

"Ningefungua mapema," Kasmuri aliendelea. "Filimbi ilipolia tu. Hapo ndipo nilipokosea. Nilisubiri redio. Sina kingine cha kukuambia."

"Unasubiri nikujibu?"

"Hapana, Pak. Sisubiri."

"Vizuri. Maana sina jibu."

Aliacha mfuko wa tempe mezani. Askari akaufungua, akavunjavunja vipande kuangalia kama kuna kitu kimefichwa, akavisukuma kwa Kasmuri vikiwa unga.

Bu Lasmi alijua siku ya pili. Nilikuwa dirishani kwangu nikisuuza glasi, na sikujitahidi kutosikia.

"Umemsamehe?"

"Hapana."

"Umemtukana, basi?"

"Hapana."

"Sasa ulikwenda kufanya nini?"

"Sijui, Bu. Nilidhani nikifika nitajua."

Serikali ikatangaza uwanja utavunjwa, utajengwa mpya, wa kisasa, wenye mageti mapana. Familia zikaomba kitu kimoja tu: geti la kusini liachwe lilipo, hata kama litakuwa pembeni ya maegesho, ili pawe mahali pa kuweka maua. Afisa aliyekuja kuwasikiliza alisema ombi litazingatiwa. Alisema mara mbili. Siku mashine zilipoanza kazi Pak Wagiso na Bu Lasmi walikwenda na kikapu cha maua. Geti halikuwepo. Lilikuwa limekatwa kwa moto na kupakiwa na chuma chakavu, na msimamizi aliwaambia kwa masikitiko ya kweli kwamba yeye hakupewa maagizo yoyote. Wakamwaga maua mahali walipodhani ndipo lilipokuwa. Mwendesha tingatinga alizima injini wakati wakisoma dua. Walipomaliza aliwangoja wasogee, akaiwasha.

Uwanja mpya ulipofunguliwa, watu walirudi. Siwalaumu. Jumali, ambaye aliapa hatakanyaga tena mpirani, nilimwona anapita akiwa amevaa koti zito juani. Pak Wagiso alikuwa anaanika majani ya ndimu.

"Jumali, huoni joto?"

"Naumwa kidogo, Pak."

"Vua koti. Fulana nimeshaiona."

Jumali alisimama kama mwizi. Akafungua zipu, nyekundu na nyeusi zikatokea.

"Basi ukirudi uniambie kama mmeshinda," alisema Pak Wagiso, akaendelea kuanika. Na aliporudi alimwambia, tumeshinda, Pak, mbili bila. Akasema vizuri.

Mwaka huo huo nilikuwa na televisheni kibandani. Ikaonyesha sherehe ya kuapishwa maafisa katika jimbo jingine, na mmoja wa waliopandishwa cheo alikuwa yule kapteni. Nilikimbilia swichi, lakini Pak Wagiso alikuwa ameshaona.

"Acha, Bu Min."

Akatazama mpaka habari ikapita kwenye matokeo ya bahati nasibu na hali ya hewa.

"Amenenepa," alisema.

Kasmuri aliachiwa kabla ya muda kwa tabia njema. Alitandaza tena turubai, akaweka kiti na kioo, na hakuna aliyekalia kile kiti. Alikaa mwenyewe, akisoma gazeti lile lile. Mwezi haujaisha Bu Painem akaamua waende kwao kijijini, upande wa milimani. Siku ya kuhama lilikuja gari dogo, na dereva na Kasmuri wakashindwa kulitoa kabati la nguo mlangoni. Wanaume walikuwepo kichochoroni, wameegemea kuta. Pak Wagiso alitoka kwake, akapangusa mikono kwenye suruali, akashika upande wa chini. Walilitoa, wakalipandisha. Kasmuri alisema, "Matur nuwun, Pak," asante ya kwetu ya heshima, ya mtu kumshukuru mkubwa wake. Pak Wagiso aliitikia kwa kichwa. Gari likaondoka, likikwaruza ukuta wenye yale maandishi yaliyoandikwa zamani, ambayo chokaa mbili hazikuweza kuyaficha.

Bu Lasmi alikuwa ameyaona yote dirishani. Hakumsemesha mumewe mpaka mwezi wa Ramadhani. Walikaanga, wakapakia, wakala, bila neno. Siku moja tu nilimsikia akisema, na alikuwa anaongea na karai, "Mikono ya kubebea kabati ipo." Pak Wagiso aliniuliza siku nyingine, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, kama alifanya vibaya. Nilimwambia sijui. Nami nilitamani nijue.

Bu Lasmi bado huenda Jumamosi mbele ya makao makuu ya polisi na picha ya Pipit. Zamani magari yalikuwa hayapiti pale kwa wingi wa watu. Siku hizi huwa wanne, watano, mvua ikinyesha wawili. Wapita njia wengine hupunguza mwendo wakasoma maandishi chini ya picha, vijana wengine huuliza hao ni akina nani. Askari wa zamu wamewazoea. Jua likiwa kali huwatolea viti vya plastiki, na mmoja wao huwaletea maji. Bu Lasmi hakai. Pak Wagiso hukaa, kwa sababu magoti yake yamechoka, na humshukuru yule askari kwa maji.